Jina la Kale la Mbwa Litafutwe kwa Mbwa

Jina la kale la mbwa ni jina waliloitwa mbwa wa zamani, likapungua au likasahaulika, kisha likarudishwa kwa mbwa wa leo. Maana hiyo ni nyepesi, lakini ndiyo iliyopotea. Nchini Marekani na Uingereza, ambako mtindo wa kumpa mbwa jina lenye harufu ya historia umeenea sana, jina la kale la mbwa limekuja kueleweka kuwa ni jina la kale la mtu: Mabel, Hazel, Walter, Winston, Arthur, Theodore. Haya ni majina ya kina bibi na babu wa enzi ya Malkia Victoria na miongo michache iliyofuata. Mwenye mbwa huwekewa orodha zilizopangwa kwa vipindi, akaambiwa achague kipindi kinachompendeza, bila yeyote kuuliza kama kuna mbwa aliyewahi kuitwa hivyo katika kipindi hicho. Mtindo huo umeshafika kwenye simu za wenye mbwa wa Nairobi na Arusha, na wapo walioanza kuona haya kwamba mbwa wao anaitwa Simba.

Chini ya maoni hayo kuna dhana isiyosemwa waziwazi: kwamba mbwa hana historia ya majina yake mwenyewe, hivyo akitafutiwa la kale hana budi kuazimiwa la binadamu. Dhana hiyo ni ya uongo. Majina ya mbwa yamechongwa kwenye mawe, yamekwaruzwa kwenye udongo na kuandikwa kwenye mafunjo na ngozi kwa zaidi ya miaka 4,000. Anayetaka historia na akaishia kwa Walter ameipita historia yenyewe mlangoni.

Ushahidi wa mapema ulio wazi unatoka Misri. Farao Intef wa Pili, aliyetawala kutoka Thebes zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Kristo, alichongwa kwenye jiwe la kaburi lake pamoja na mbwa wake, na majina ya mbwa hao yakaandikwa karibu na miili yao. Majina yenyewe yalikuwa ya lugha ya kigeni, ambayo wataalamu wengi huihusisha na Kiberiberi, na mwandishi aliongeza tafsiri kwa Kimisri ili msomaji asipotee. Behkai lilikuwa jina la mnyama wa jamii ya swala. Pehtes maana yake ni Mweusi. Jina la mwingine limefasiriwa kuwa chungu cha kupikia. Karibu miaka 1,000 baadaye, enzi ya Ramses wa Tisa, wakaguzi walitumwa kuchunguza wizi katika makaburi ya wafalme. Walipofika kwa Intef waliandika katika taarifa yao kwamba jiwe lingali mahali pake, mfalme amesimama, na kati ya miguu yake yumo mbwa anayeitwa Behka, yaani Behkai yule yule. Mafunjo ya taarifa hiyo yapo mpaka leo London. Milenia nzima ilikuwa imepita, na jina la mbwa lilikuwa bado linasomeka na kuonekana linastahili kuandikwa katika hati ya serikali.

Huko huko Misri, Giza, maandishi yaliyogunduliwa mwaka 1935 yanamtaja mbwa Abuwtiyuw, mlinzi wa farao, ambaye mfalme aliamuru azikwe kwa jeneza, sanda ya kitani safi, ubani na kaburi la kujengwa. Heshima yote aliyopewa mtu mkubwa wa enzi ile alipewa mbwa huyu, naye akaipokea kwa jina lake la kimbwa. Hakuna aliyeona haja ya kumwita kwa jina la waziri au kuhani ili aonekane anastahili.

Waashuru walikwenda mbali zaidi. Katika Ninawi, kwenye jumba la mfalme Ashurbanipal, karne ya 7 kabla ya Kristo, kulifukiwa mbwa watano wadogo wa udongo, kila mmoja kwa rangi yake, ili wazuie mabaya yasiingie ndani. Kila mmoja amechorwa jina ubavuni, na majina hayo ni sentensi: Usifikiri, Ng'ata! Mwingine ni Mfukuza Uovu, mwingine Mkamata Adui, mwingine Mng'ata Adui Wake, na wa tano jina lake linasema kwamba sauti ya kubweka kwake ni kubwa. Hayo ndiyo majina ya kale ya mbwa: yanasema kazi, yanasema tabia, na yanamwamrisha mbwa awe kile alichoitwa.

Shahidi mwenye uzito kupita wote ni Xenophon wa Athens. Katika kitabu chake cha uwindaji, karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri kwamba mbwa wapewe majina mafupi ili kuwaita kuwe rahisi, kisha akatoa majina 47 ya mfano. Psyche ni Roho, Lonche ni Mkuki, Phylax ni Mlinzi, Bremon ni mwenye kunguruma, Hybris ni Ujeuri, Chara ni Furaha, Aktis ni Mwale, Horme ni Ari. Jambo moja katika orodha hiyo linafaa kutazamwa kwa makini. Xenophon alikuwa mwanafunzi wa Sokrates, alimpenda, na aliandika vitabu kumtetea baada ya kuuawa. Alikuwa pia askari aliyewatumikia wakuu wengi. Hata hivyo katika majina 47 hamna Sokrates, wala hamna jemadari au mfalme yeyote. Mtu aliyejua mbwa na aliyejua watu aliweka mpaka kati ya majina ya hawa na ya wale, na hakuona kwamba mpaka huo unampunguzia mbwa kitu.

Mrumi Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya 1 baada ya Kristo, aliongeza kipimo. Jina la mbwa lisiwe refu, ili aitikie haraka, na lisipungue silabi mbili. Kwa dume alitaja Ferox, yaani Mkali, na Celer, Mwenye Mbio. Kwa jike alitaja Lupa, jina la mbwa mwitu jike, Cerva, jina la kulungu jike, na Tigris, jina la chui milia. Kipimo hicho cha silabi mbili kimedumu kwa sababu kinatokana na sikio la mbwa na pumzi ya mwindaji. Mtu aliye upande wa pili wa bonde, upepo ukivuma, anahitaji sauti inayopanda na kukatika. Jina la silabi nne hufika vipande vipande.

Hapo ndipo mtindo wa sasa unapojikwaa katika jambo la matumizi. Theodore akishaingia nyumbani huwa Theo kabla wiki haijaisha, Archibald huwa Archie, Josephine huwa Josie, na ule ukale uliotafutwa kwa bidii hubaki kwenye karatasi ya daktari wa mifugo tu. Wafunzaji wa mbwa husisitiza pia kwamba jina lisifanane na amri. Kwa mbwa anayefunzwa kwa Kiswahili, jina linaloanza kwa sauti ya kaa au njoo humchanganya, na kwa anayefunzwa kwa Kiingereza majina kama Kit na Bo hukaribia mno amri ya kuketi na neno la kukataza. Orodha za majina ya kina babu hazigusi jambo hili kabisa. Zimetungwa kwa ajili ya kusomwa na wanadamu, ilhali jina la mbwa kazi yake ni kuitwa kwa sauti.

Bara Arabu nalo lina urithi wake, na kwa msomaji wa Pwani urithi huo uko karibu kuliko wa Roma. Mshairi Labid bin Rabia, mmoja wa watunzi wa Muallaqat, mashairi mashuhuri ya kale ya Kiarabu, katika kisa cha mbwa wa msasi wanaomshambulia mnyama wa porini anawataja wawili kwa majina: Kasab, jina linalotokana na kuchuma, kwa maana ya anayetafuta riziki, na Sukham, jina la weusi wa masizi. Kazi na rangi, kama Misri na kama Ugiriki. Katika Sura ya Kahf, Kurani inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango ambamo vijana waumini walilala. Kurani yenyewe haikumpa jina, lakini wafasiri na wasimulizi wa Kiislamu wamemwita Kitmiri, na kwa jina hilo anajulikana mpaka leo katika nchi nyingi za Waislamu. Fikihi ya Kishafii inayofuatwa Pwani inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kwa hiyo mbwa hakukaa ndani ya nyumba. Hilo halikumzuia mbwa wa pangoni kuwa na jina lake katika masimulizi, wala mbwa wa msasi kuwa na lake porini.

Wanaodai kwamba majina ya watu ndiyo ya kale kwa mbwa wa Uingereza wanapaswa kuitazama Uingereza yenyewe. Imebaki hati ya karne ya 15 iliyoorodhesha majina 1,065 yanayofaa mbwa wa msako, mbwa wa mbio na mbwa wa kuingia mashimoni. Ndani yake kuna Nosewise, mwenye hekima ya pua. Holdfast, shika usiachie. Plodder, mwenda polepole. Garlik, yaani kitunguu saumu. Na Nameles, yaani asiye na jina. Chaucer na Shakespeare wote waliwataja mbwa kwa majina katika kazi zao, na mmoja wa mbwa anaowataja Mfalme Lear wa Shakespeare ni Sweetheart, neno la kumwita mpenzi. Karne ya 18, George Washington, ambaye alipenda mno kuwinda mbweha, aliwaita mbwa wake Sweet Lips, Vulcan, Searcher, Truelove, Tipsy na Drunkard: Midomo Mitamu, mungu wa moto, Mtafutaji, Mapenzi ya Kweli, aliyelewa kidogo na Mlevi kamili. Hazina hii yote ipo wazi. Ni ajabu kwamba mtu wa London anayetaka jina la kale kwa mbwa wake aipuuze Holdfast na kumchukua Mabel.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea mtindo huo ni ya mapenzi. Wanasema mbwa ni mmoja wa familia, na mmoja wa familia hupewa jina la mtu. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa kuwa mapenzi yenyewe ni ya kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba mapenzi kwa mbwa yameanza pamoja na majina ya watu. Katika jumba la makumbusho la British Museum lipo jiwe la kaburi la Kirumi la mbwa jike wa uwindaji, mzaliwa wa Galia, ambayo ni Ufaransa ya leo. Maandishi yake yanamfanya aseme mwenyewe kwamba alifunzwa kukimbia katika misitu isiyo na njia, hakuwahi kufungwa minyororo mizito wala kupigwa, alilala mapajani mwa bwana na bibi yake, na alikufa akizaa. Jina lake lilikuwa Margarita, Lulu. Lilikuwa la kito, kwa ajili ya weupe wake na thamani yake, na hakuna atakayesoma jiwe lile akasema kwamba waliolichonga hawakumpenda.

Mshairi wa Kiingereza Byron alipompoteza mbwa wake kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808, alimjengea mnara nyumbani kwake Newstead Abbey ulio mkubwa kuliko kaburi la Byron mwenyewe. Mbwa huyo aliitwa Boatswain, cheo cha msimamizi wa mabaharia melini, ambaye Waswahili humwita serahangi. Frederick wa Pili wa Prussia aliagiza azikwe kwenye kasri lake la Sanssouci kando ya mbwa wake, na agizo hilo halikutimizwa mpaka mwaka 1991, miaka 205 baada ya kifo chake. Kipenzi chake miongoni mwao alikuwa Biche, neno la Kifaransa la kulungu jike. Mfalme aliyetaka kulala milele karibu na mbwa hakuhitaji kumwita Wilhelmine, ambalo lilikuwa jina la dada yake aliyempenda kuliko ndugu wote. Pendo lilikuwa kamili, na majina yalikaa mahali pake.

Hoja ya pili ni kwamba yapo majina ya watu yaliyokwisha kuwa ya mbwa tangu zamani. Hii ni kweli, na haifai kufichwa. Caesar, Nero na Pompey yameitwa kwa mbwa wa Uingereza kwa karne kadhaa. Mwaka 1910, katika maziko ya Mfalme Edward wa Saba, mbwa wake mdogo aitwaye Caesar alitembea nyuma ya jeneza, mbele ya wafalme waliokuja kutoka nchi za nje. Mwaka 1925 dawa ya dondakoo ilipokimbizwa kwa sleji hadi Nome, Alaska, mbwa wawili waliopata sifa walikuwa na majina ya watu: Togo, kutoka kwa jemadari wa majini wa Japani, na Balto, kutoka kwa Msami aliyevuka Greenland kwa skii. Lakini mifano hii inaimarisha kipimo kilichowekwa mwanzoni. Anayemwita mbwa wake Balto leo humkumbuka mbwa wa Nome. Jina limeshavuka, limebebwa na mbwa, limejaa historia ya mbwa. Swali la kuuliza kwa kila jina ni kama limevuka hivyo. Caesar limevuka. Walter na Hazel hayajavuka. Yamechukuliwa juzi kutoka kwenye rejista za ubatizo.

Pia haya yaliyovuka yana upande ambao orodha hazisemi. Karne ya 18, majina ya mashujaa na miungu ya Roma na Ugiriki yalikuwa ya mchezo kwa mabwana wa Uingereza na makoloni yake, na yaligawiwa kwa viumbe waliomilikiwa. Mwaka 1751 Francis Coventry alitoa riwaya ya mbwa mdogo wa mapajani, Pompey. Katika miaka hiyo hiyo Pompey, Caesar, Cato na Scipio yalikuwa majina waliyobandikwa Waafrika waliofanywa watumwa. Huko Henbury, karibu na Bristol, lipo kaburi la kijana Mwafrika aliyekufa mwaka 1720 akiwa na miaka 18, na jina lililoandikwa juu yake ni Scipio Africanus. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote kaburini. Nyumbani kwa Washington, mbwa aliitwa Vulcan na mpishi mtumwa aliitwa Hercules. Mpishi huyo alitoroka mwaka 1797 na hakurudi. Bwana mmoja, kapu moja la majina, na mkono ule ule ukichota kwa ajili ya mbwa na kwa ajili ya mtu. Anayelichukua jina la aina hiyo kwa sababu lina sauti ya kifalme anapaswa kujua lilikotoka.

Jambo hilo linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Pwani nayo ilikuwa na majina waliyopewa watumwa na mabwana zao: Almasi, Feruzi, Mabruki, Bahati. Baadhi yake ni ya vito, baadhi ni ya heri, na masikioni mwa asiyejua yanaweza kuonekana mazuri kwa mbwa wa kisasa, hasa kwa kuwa Warumi nao walimwita mbwa Lulu. Lakini majina haya yana wenyewe. Zipo familia za Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo zinazoyabeba kama ukoo, na watoto wa watoto wa waliobandikwa wameyageuza kuwa majina ya fahari. Kuyarudisha kwa mbwa ni kuyarudisha mahali ambapo wazee wao walijitahidi kuyatoa.

Na hata bila historia ya utumwa, jina la mtu katika jamii za eneo hili lina mwenyewe aliye hai. Mjukuu wa Kikuyu hupewa jina la babu yake kwa utaratibu unaojulikana, na kwa jina hilo babu huhesabiwa kuwa amerudi. Katika nyumba za Waswahili wawili wenye jina moja ni wajina, kila mmoja ni somo wa mwenzake, na neno hilo lina utani wake, heshima yake na zawadi zake. Mbwa akipewa jina la mtu huwa somo wa kila mwenye jina hilo mtaani. Mwenye mbwa akisimama uani saa kumi na mbili asubuhi na kupaza sauti kwamba fulani ale, fulani atoke, fulani aache kuramba sufuria, jirani mwenye jina hilo anasikia. Mtetezi wa mtindo wa Kimagharibi atasema kwamba Walter hana jirani wa jina hilo Arusha. Anaye: Walter ni jina la kawaida kabisa Kenya na Tanzania, pamoja na Winston, Arthur na Theodora, kwa sababu majina ya enzi ya Victoria yalikuja na wamishonari na watu wakayachukua kuwa yao. Kinachoitwa jina la kale London, huku ni jina la mwalimu wa shule ya msingi anayepita barabarani kila siku.

Historia ya majina ya mbwa nayo haina usafi wa malaika, na anayeitetea hana budi kukubali. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa mbwa wa Guy Gibson, rubani wa Uingereza aliyeongoza shambulio la mabwawa ya Ujerumani mwezi Mei 1943. Mbwa huyo alikuwa mweusi, na jina lake lilikuwa tusi la kuwadharau watu weusi. Lilitumiwa hata kama neno la siri katika operesheni ile. Mwaka 2020 jeshi la anga la Uingereza liliondoa jiwe la kaburi lake lililokuwa na jina hilo kambini Scampton na kuweka jingine. Lilikuwa jina la kale la mbwa kwa kila kipimo, na halistahili kurudishwa. Ukale peke yake haujawahi kuwa sifa. Jina huchunguzwa kwa vipimo viwili pamoja: kwamba mbwa wamelibeba, na kwamba halikuwahi kuwa jiwe la kumpigia mtu.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni ya kukata tamaa zaidi kuliko ya ushindani: kwamba Afrika Mashariki haina majina ya kale ya mbwa, kwa hiyo ni lazima yaagizwe. Bara hili lina desturi pana ya kumpa mbwa jina linalosema jambo. Miongoni mwa Wabaatombu wa kaskazini mwa Benin, desturi iliyochunguzwa na wanaanthropolojia, jina la mbwa ni methali nzima au kipande chake, na mwenye mbwa humwita kwa sauti ili ujumbe umfikie jirani bila ugomvi wa uso kwa uso. Usifikiri, Ng'ata! wa Ninawi asingekuwa mgeni katika kijiji hicho. Msomaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kanga zinazosema na jahazi zilizoandikwa maneno ubavuni, hahitaji kufafanuliwa jinsi jina linavyoweza kupeleka salamu.

Kisha kuna Simba. Jina hili limeonewa kuliko yote kwa sababu ni la kawaida, na wanaofuata mtindo hulihesabu kuwa jina la mtu asiyefikiri. Ukilipima kwa vipimo vya waliojua mbwa, halina kasoro. Lina silabi mbili, kama Columella alivyotaka. Halifanani na kaa wala njoo. Linaanza kwa mluzi wa s, ambao sikio la mbwa hudaka upesi, na kumalizika kwa a iliyo wazi, inayoweza kuvutwa mpaka ng'ambo ya shamba. Na linafuata mojawapo ya kanuni kongwe zaidi katika historia hii, ya kumpa mbwa jina la mnyama wa porini: Behkai wa Intef, Lupa na Tigris wa Columella, Biche wa Frederick. Baada ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, neno hili la Kiswahili limekuwa jina la mbwa na paka hata Marekani na Ulaya. Wanalichukua wao kwa furaha wakati mwenye nalo analitupa amchukue Winston.

Chui lina sifa zile zile. Askari na Mlinzi ni Phylax wa Xenophon kwa lugha nyingine. Bobi na Tomi yalikuja na Kiingereza wakati wa ukoloni, na kwa kuwa yamebebwa na vizazi vya mbwa wa mashambani na wa mijini, nayo yamevuka. Anayetaka kitu kisichozoeleka, Kiswahili kina maneno yanayosubiri: Serahangi kwa mbwa mkubwa anayependa maji, Tufani kwa mwenye mbio, Masizi kwa mweusi, kama Sukham wa Labid, Radi, Mshale, Shujaa. Yanaitika, yana maana, na hayamfanyi mtu yeyote mtaani kuwa somo wa mbwa.

Kazi iliyobaki inahitaji haraka kidogo. Majina ya mbwa wa msasi na wa maboma ya karne iliyopita hayakuandikwa kwenye mawe kama ya Intef. Yamo vichwani mwa wazee waliokimbia nyuma ya mbwa hao walipokuwa watoto. Kila anayetafuta jina la kale kwa mtoto wa mbwa aanzie hapo. Amuulize mzee wa nyumba yake mbwa wa kwanza wa boma lile aliitwa nani, wa pili nani, na kwa nini. Majibu ayaandike, tarehe ayaweke, na moja ampe mbwa wake.